Nywele Saba Ndani ya Povu

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, siku ya Jumanne. Nina hakika na saa hiyo kwa sababu huandika kwenye daftari kila mteja anayeketi kwenye kiti changu, jina lake na muda aliofika. Nasema hivi mapema usije ukadhani nilikuwa na usingizi au nimelewa. Pombe sinywi. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, kwenye banda langu la kunyolea hapa Lusahunga, na dada yangu, ambaye hanisemeshi tena, ni shahidi wa sehemu yake.

Kwanza nieleze kazi yangu, maana bila hiyo hutanielewa. Vinyozi wengi siku hizi wanatumia mashine. Mimi nanyoa ndevu kwa povu na wembe, jinsi nilivyojifunza mwenyewe kwa kusoma na kwa kujikata. Wateja wangu wengi ni madereva wa malori yaendayo mpakani Rusumo, wanaolala hapa. Wanaondoka mapema, kwa hiyo nafungua saa kumi na moja. Kwa miaka kumi na mitatu nilipaka povu kwa brashi moja ya nywele za nguruwe. Brashi ya namna hiyo ina tabia zake. Lazima uiloweke kwanza kwenye maji ya moto. Ikilowa inatoa harufu ya mnyama aliyenyeshewa. Na kila mara inaacha nywele mbili tatu ndani ya povu, unazitoa kwa kidole na kuendelea na kazi. Nilizizoea harufu ile na nywele zile kiasi kwamba sikuzitilia maanani tena.

Aliyenifanya nibadilishe ni dereva mmoja, mtu wa swala tano. Alikuwa amekwisha kuegemea kiti akauliza, "Fundi, hiyo brashi ni ya nini?"

"Nguruwe," nikasema. Ningeweza kudanganya, lakini sijui kudanganya nikiwa na wembe mkononi.

Akafumbua macho. "Umeshanipaka mara ngapi?"

"Tangu mwaka juzi."

"Mungu atanisamehe mimi, sikujua," akasema huku akishuka kitini. "Wewe utajitetea mwenyewe." Wenzake walicheka mpaka mmoja akajishikilia kwenye tairi la lori.

Wiki hiyohiyo nikanunua brashi ya nailoni, nyeupe, na ile ya nguruwe nikaifungia kwenye kopo. Mwanzoni niliichukia hiyo mpya. Niliiloweka kama nilivyozoea, maji yakamtiririka mteja hadi kifuani, kwa sababu nailoni hainywi maji, inayabeba tu. Siku ya pili nikajua kwamba matone machache yanatosha. Povu lilipanda haraka, zito, likinukia sabuni tu. Nikahesabu, kama ilivyo kawaida yangu. Nyuso kumi na tisa, na ndani ya povu sikuokota unywele hata mmoja.

Uso wa ishirini, alfajiri ile ya Jumanne, ulikuwa wa Faustini.

Faustini alikuwa mchumba wa dada yangu Adela. Alikuwa akinunua mbuzi huko Nyantakara na kuwapeleka mnadani, na kila Jumanne alfajiri alipitia kwangu. Alikuwa mtu mpole, mchapakazi, asiye na maneno mengi. Mbuzi wake aliwafunga kwenye nguzo ya banda, na katika miaka miwili sikuwahi kusikia hata mmoja akilia. Walisimama wamebanana mwisho wa kamba, kimya. Tulimsifu kwamba ana mkono wa mifugo. Baba yetu alikwisha kufariki, hivyo mahari niliipokea mimi, nyumbani kwetu Kibimba, na ndoa ilikuwa imebakiza wiki tatu. Adela ana miaka thelathini na sita. Mume wa kwanza alimfukuza kwa kukosa mtoto. Unafikiri aliisubirije siku hiyo?

Nilimpaka Faustini povu. Niliporudisha brashi kikombeni mara ya pili nikaona kitu cheusi. Nikakitoa. Ulikuwa unywele mrefu kama kidole changu cha shahada, mgumu, wa rangi ya majivu shinani na mweusi nchani. Nikatoa mwingine, na mwingine. Jumla zilikuwa saba. Ndevu zake zilikuwa za wiki moja, laini, fupi kuliko punje ya mchele. Kisha ikanijia ile harufu ya mnyama aliyenyeshewa, ileile niliyoivuta kwa miaka. Brashi ya nguruwe ilikuwa ndani ya kopo, kavu, siku yake ya nane.

Nilimaliza, akalipa, akaenda. Zile nywele nilizikunja kwenye karatasi ya daftari. Nilijiambia ni uchafu. Nikaichemsha brashi, nikasugua kikombe kwa majivu, nikabadilisha taulo na sabuni. Wiki nzima nilinyoa watu na povu lilikuwa safi.

Jumanne iliyofuata kulikuwa na ukungu, taa za malori zinaonekana kama vibatari. Faustini akafunga mbuzi wake, akaketi. Kabla sijamgusa, akaitazama brashi kwenye kioo.

"Shemeji, umebadilisha brashi."

"Nimebadilisha. Madereva hawaitaki ile."

"Rudisha ile ya zamani."

"Kwa nini? Hii inakukwaruza?"

"Ile tulikuwa tunaelewana nayo."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi mezani. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kazi, nikampaka shavu la kushoto. Safari hii sikuhitaji kutafuta kikombeni. Nywele zilikuwa zimesimama shavuni mwake, zimepenya povu, nyingi, na nilipozilaza kwa ncha ya brashi zilisimama tena. Tukatazamana kwenye kioo. Niamini, hakukunja uso wala hakutabasamu. Nje, mbuzi wote wakaanza kulia kwa pamoja.

Akainuka. Akaivua taulo shingoni, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye kiti. Akatoka na povu lake usoni, akaingia kwenye ukungu, mbuzi akawaacha pale pale.

Kulipokucha nilifuata njia aliyopita. Kwenye mikaratusi ya nyuma ya banda povu lilikuwa limepakazika kwenye majani, usawa wa bega langu. Nikavuka mtaro. Ng'ambo ya mtaro lilikuwa limepakazika kwenye nyasi, usawa wa goti. Sikuendelea mbele.

Siku hiyohiyo nilikwenda Kibimba. Adela alikuwa anachambua maharage. Nikamfungulia ile karatasi, nikamweleza kila kitu kwa mpangilio, kama ninavyokueleza wewe.

"Kaka, unavunja ndoa yangu kwa sababu ya brashi?"

"Si brashi. Ni kitu ambacho brashi ya zamani ilikuwa inakificha."

Akachukua unywele mmoja, akaunusa. "Mtu anafanya kazi ya mbuzi. Ulitaka ziwe nywele za nini, za askofu?"

Nilikwisha kulifikiria hilo. Nikamwambia nimelinganisha na mbuzi wake wote wanane aliowaacha bandani, na hakuna mwenye nywele za namna ile. Akaendelea kuchambua, na nikaona anatupa maharage mazima pamoja na mabovu.

"Mume wa kwanza alinifukuza," akasema. "Wa pili unamfukuza wewe."

"Adela, nakuokoa."

"Hata kama ni mnyama, kaka, mnyama ameniposa. Binadamu walinifanyia nini?"

Lakini mimi ndiye niliyesimama mahali pa baba, nikaikataa ndoa. Mbuzi sita wa mahari tulikwisha kuwala, ng'ombe mmoja alikuwa amekufa, kwa hiyo nililazimika kuuza kipande cha shamba la migomba. Aliyerudisha mali ni mshenga wetu, Mzee Tobiasi, na wale mbuzi wanane akaenda nao. Aliporudi nilimkuta amekaa nje ya banda langu, hajavua hata kofia.

"Shikamoo, mzee. Amesemaje?"

"Marahaba, mwanangu. Hakubishana. Alihesabu, akashukuru." Akajipangusa mdomo. "Lakini zile ndevu! Nimeishi miaka yote hii, ndevu za namna ile sijapata kuziona kwa mtu. Akaniuliza swali moja tu. 'Shemeji bado anatumia ile nyeupe?'"

Faustini sijamwona tena. Adela alihamia Biharamulo mjini, anauza chakula. Nikipita hapo anaingia ndani na kumwacha jirani anihudumie. Simlaumu. Kinachoninyima usingizi ni kitu kingine. Kwa miaka kumi na mitatu nilikuwa nikiokota nywele kwenye povu na kuzipangusa kwenye aproni bila kuzitazama, nikiamini ni za nguruwe. Lakini brashi inayopukutika kila siku kwa miaka yote hiyo ingebaki mti mtupu, na ile bado imejaa. Faustini alinyolewa kwangu kwa miaka miwili tu. Kabla yake zilikuwa zinatoka wapi? Napekua daftari zangu za zamani, majina karibu mia nne, wengi wao nawajua, wengine tunasali nao kanisa moja, na sijui nimwogope nani.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama una dada au binti anayeposwa, mpeleke huyo mchumba akanyolewe kwa brashi isiyo na unywele wa mnyama, na wewe uwe pale, utazame kikombe. Fanya hivyo kabla hujapokea chochote. Mimi nilichelewa, na kuirudisha ile mahari, pamoja na nauli za Mzee Tobiasi, kulinigharimu shilingi milioni moja, laki mbili na elfu sabini.