Tufe Juu ya Cherehani

Yahaya wa Kanyenye hakuwahi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Alianza kukinywa mkekani, akakiendeleza mlangoni, na mwisho kikombe kilikutwa juu ya ukuta wa jirani au juu ya tandiko la baiskeli. Mkewe, Batuli, alikwisha kuzoea. Alipenda kusema kwamba yeye aliolewa na upepo, na kwamba upepo nao una faida zake, kwani nguo hukauka upesi. Watu wa mtaani walisema miguu ile Yahaya aliirithi kwa babu yake, Mnyamwezi aliyebeba mizigo ya misafara kutoka Tabora hadi pwani na kurudi, na ambaye hata uzeeni alilala amevaa makubazi.

Kazi ya Yahaya ilikuwa kutunza ukumbi wa klabu moja karibu na stesheni ya Tabora. Zamani za mkoloni, Wazungu walicheza humo mchezo wa kubingirisha tufe. Mtu husimama mwanzo wa njia ndefu ya mbao, akalisukuma tufe la mti mgumu, kubwa kama boga, ili liangushe vigingi vilivyosimamishwa upande wa pili. Wao waliangusha, na Yahaya akasimamisha. Baada ya Uhuru ukumbi ulifunguliwa kwa kila mtu, wakaja makarani wa reli, walimu na wenye maduka, na Yahaya akakabidhiwa matufe yote ayatunze. Lakini matufe yalikuwa yamezeeka. Yalikuwa na mashimo na mikwaruzo, hata tufe likianza safari sawasawa, katikati ya njia lilikata kushoto kama mbuzi aliyeona shamba la mihogo.

Mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, klabu ilialika wachezaji kutoka Kigoma waje siku ya Sabasaba. Kamati ikakutana. Mwenyekiti, Bwana Vinod, muuza vitambaa, alifungua kitabu cha picha za bidhaa za ng'ambo, akawaonyesha mashine yenye bakuli linalozunguka. Tufe hukaa ndani ya bakuli, likazungushwa kwa umeme, na mtu akalishikia msasa mpaka likawa laini. Alipendekeza iagizwe. Kweli isingewahi Sabasaba, lakini ingefaa miaka mingi.

Yahaya hakumwacha amalize. Aliitazama picha ile juu chini, kutoka upande wa pili wa meza, akasema hilo ni gurudumu na bakuli tu, yeye ataitengeneza mwenyewe kabla meli haijang'oa nanga. Siku zile neno kujitegemea lilikuwa midomoni mwa kila mtu, naye akalitumia kwa nguvu zote. Bwana Vinod alitabasamu.

"Yahaya, mimi sipingi kujitegemea," alisema. "Nauliza tu, utajitegemea kwa vitu vya nani?"

Wajumbe wakacheka. Yahaya alikwisha kufika mlangoni.

Bakuli alilipata kwa kukata sufuria kuukuu. Ekseli aliipata kwenye gurudumu la mbele la baiskeli yake, na tangu siku hiyo akawa anakwenda kazini kwa miguu. Kilichomshinda kilikuwa namna ya kuizungusha. Alijaribu mkono, lakini mkono mmoja ulipozungusha, mmoja uliobaki haukutosha kushika msasa. Alizunguka uani, akaingia ndani, akatoka, akaingia tena. Ndipo alipomwona Batuli ameketi kwenye cherehani yake, miguu ikikanyaga, gurudumu la chuma likizunguka chini ya meza bila kuguswa na mkono wa mtu.

Cherehani ile Batuli aliachiwa na marehemu mama yake. Wakati huo alikuwa anashona nguo za arusi ya Zamda, binti wa dada yake, ambazo alikwisha kuahidi kuzimaliza kabla ya mkesha. Yahaya alimsihi sana. Alisema anataka miguu ya chuma na gurudumu tu, kichwa cha mashine hatakigusa, na Ijumaa vyote vitakuwa vimerudi. Batuli akakubali. Alikifunga kichwa cha cherehani ndani ya kanga, akakilaza kitandani kama mgonjwa, na Yahaya akaipeleka miguu ya chuma ukumbini.

Mashine ilifanya kazi, na hilo ndilo lililomponza Yahaya. Mkanda wa ngozi ulivuta, sufuria ikazunguka, tufe likaanza kuvuma, na vumbi jeusi likamruka usoni. Tufe la kwanza lilitoka laini. Alilipaka nta ya nyuki kutoka Ipole, likang'aa hata akaona meno yake mwenyewe. Lakini lililofuata halikumalizika. Kila alipokaribia kulimaliza, gurudumu lilisita, likageuka na kurudi nyuma. Tufe liliruka ndani ya bakuli, msasa ukamponyoka, na mkwaruzo mpya ukabaki mahali pa ule wa zamani.

Yahaya alilaumu mkanda, akaubadilisha. Alilaumu mafuta, kisha sakafu, kisha hewa ya kiangazi. Ijumaa ilipita. Akamwambia Batuli kesho, na kesho yake akasema kesho. Batuli hakugomba. Alishona kwa mkono, ameinamia kitambaa cheupe, vidole vimevimba, na ule utani wake kuhusu upepo hakuusema tena. Kimya hicho kilimfuata Yahaya hadi ukumbini. Usingizini miguu yake ilikanyaga shuka. Alijua kwamba arusi ikifika na nguo hazijakwisha, aibu itamwangukia mkewe mbele ya ndugu zake wote, wala si yeye. Hata hivyo kila asubuhi alijiambia kwamba limebaki jambo dogo tu la kurekebisha. Swali la Bwana Vinod lilimkwaruza kama msasa.

Sasa, palikuwa na mtu aliyeitwa Mfaume, gadi wa treni, Mzaramo. Tangu enzi za misafara Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Mtani akichukua kitu chako husemi kwamba umeibiwa. Utakikomboa kwa atakachotaka yeye, na kukasirika ni mwiko. Mfaume aliingia ukumbini mchana mmoja, akamkuta Yahaya amepiga magoti kwenye mafuta. Alimwuliza kama Wanyamwezi siku hizi wanasujudia cherehani. Yahaya akamjibu kwamba ni afadhali ya cherehani, kuliko Mzaramo anayesujudia filimbi ya treni. Mfaume akacheka, akazunguka kidogo, akalichukua lile tufe moja lililokamilika, akalikumbatia, akatoka.

Yahaya alimfuata mbio, akiwa na msasa mkononi. Mfaume hakugeuka. Aliishika ile njia ya zamani ya misafara, akapita madukani akiwasalimu watu, na kituo chake kikawa nyumba ya Yahaya mwenyewe. Batuli alikuwa barazani. Mfaume alimwekea tufe mapajani, naye Batuli akalifunika kwa ile nguo nyeupe aliyokuwa akiishona, kana kwamba alikuwa akilingoja. Hapo Yahaya akaelewa ni nani aliyemtuma mtani.

"Shemeji, mateka wako huyo," Mfaume alisema. "Anakombolewaje?"

"Kwa miguu ya cherehani yangu," alisema Batuli. "Irudi leo, na aibebe mwenyewe kichwani."

Yahaya alifungua kinywa. Mfaume akainua kidole.

"Ukikasirika, mtani, nitadai na ng'ombe."

Basi wakarudi ukumbini, akaibeba. Mfaume alitangulia mbele kama kiongozi wa msafara, akiimba uongo kuhusu pembe za ndovu, na nyuma yake akaja Mnyamwezi na chuma kichwani, shingo imenyooka. Wanawake waliokuwa wakipepeta mchele waliuliza kama Bagamoyo ni mbali. Yahaya aliona haya, lakini kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile, kifua chake kilikuwa chepesi kuliko kichwa.

Batuli hakupoteza wakati. Kichwa cha cherehani kilirudi mahali pake, naye akakaa. Yahaya, kwa kuwa hakuwa na mashine ya kurekebisha, alisimama, akakaa, akasimama, kisha akabaki akiitazama miguu ya mkewe. Ilikanyaga kisigino na vidole, kisigino na vidole, haiharakishi wala haisiti, na gurudumu halikurudi nyuma hata mara moja. Akaitazama yake. Wakati ule ule mguu wa kulia ulikuwa ukigonga sakafu, ukaacha, ukagonga tena. Akakumbuka mkanda, mafuta, na hewa ya kiangazi.

"Mama Mwanne," alisema taratibu, "kosa halikuwa kwenye mashine."

"Nilijua," alisema Batuli bila kuinua macho. "Ulikuwa huniulizi."

Nguo za Zamda zilikwisha na arusi ikapita salama. Baada ya hapo Yahaya aliomba, akaomba vizuri, na sufuria ikafungwa juu ya cherehani pale pale barazani. Batuli alikanyaga, Yahaya akashika msasa. Mguu wake ulipoanza kugonga sakafu, tufe lilitikisika, na Batuli akasema tu, "Mguu, Baba Mwanne." Yahaya akaukalia.

Bwana Vinod alipita siku chache kabla ya Sabasaba. Alilipapasa tufe moja baada ya jingine kama anavyopapasa hariri, asipate pa kulaumu. Kisha akauliza kama bado kuna haja ya kuagiza ile mashine ya ng'ambo.

Yahaya, ambaye kwa kawaida angejibu kabla swali halijakwisha, alimgeukia mkewe.

"Mwulize mwenye vitu," alisema.

"Agiza, Bwana Vinod," alisema Batuli. "Mwakani nina nguo za watu za kushona."

Akakanyaga tena. Tufe likavuma, na Yahaya akaliinamia kwa mikono yote miwili, mguu mmoja ameukalia. Chai yake ilipoa mkekani, pale pale alipoiweka.