Kocha Aliyelewa Juisi

Kazini walimwita Mama Midomo, naye aliitika bila kununa, maana jina lilimkaa. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amefundisha watoto viziwi kusoma maneno kwenye midomo ya watu. Alipohamia kituo cha televisheni kuandika maneno ya Kiswahili ya katuni za Kijapani, alikuta kazi ni ileile, ila imegeuzwa kichwa chini miguu juu: midomo ipo, inachezacheza, yeye ndiye wa kuitafutia maneno.

Mezani aliweka kioo kidogo cha kujitazama. Alisema kila mstari mbele yake kabla ya kuuandika. Pale mchoraji alipouchora mdomo umefumba, yeye alitia m, b au p. Ulipoachama, alitafuta neno lenye a. Wageni waliopita mlangoni walidhani mama wa watu anagombana na kioo. Waliomjua walipita taratibu.

Mwaka ule waliletewa katuni ya binti mkimbiaji na kocha wake, bingwa wa zamani aliyemalizwa na pombe. Sehemu ishirini na sita. Kamati ya kituo ilikuwa na sheria zake kwa vipindi vya watoto: hakuna damu, hakuna pombe. Mkuu wa vipindi, kijana nadhifu ambaye mashati yake hayakujua mkunjo, alikuja na karatasi.

"Mama, ile chupa ya kocha tuiite juisi ya zabibu."

"Na anavyopepesuka?"

"Watoto hawataona."

Mama Midomo aliona ni jambo dogo, akaandika juisi. Sehemu kumi zikarushwa hewani hivyo, kocha anapiga mafunda ya juisi, anakumbatia nguzo ya taa.

Jumamosi moja asubuhi alikuwa nyumbani, anapitia sehemu ya ishirini na moja kwenye kompyuta, kaka yake mkubwa akavuta kiti. Kaka huyo alikuwa fundi viatu, na alikuwa ameacha pombe mwaka wa sita sasa.

"Huyu ana nini?" akauliza.

"Amekunywa juisi ya zabibu."

Kaka akacheka mpaka akakohoa. "Mdogo wangu, ungeniambia inauzwa wapi. Ningepunguza gharama."

Lakini picha ziliendelea. Kocha akashuka mtoni, binti akimfuata kwa mbali. Akafungua chupa, akaimwaga yote majini, kisha akaketi kwenye mawe akalia, mabega yakimtetemeka. Kaka hakucheka tena.

"Hapa umeandika nini?"

"Bado sijaandika."

"Basi usimdhalilishe. Mtu halilii juisi."

Akanyanyuka, akaenda kupiga pasi shati lake. Mama Midomo alibaki ameshika shavu. Aliona kosa lake waziwazi: alikuwa amemnyang'anya kocha yule ugonjwa wake, sasa hakuwa na kitu cha kumponya nacho.

Jumatatu alimtangulia mkuu wa vipindi ofisini.

"Tuikate hiyo ya mtoni," mkuu alisema kabla hajamaliza kusikiliza. "Ni dakika mbili tu."

"Mkuu, umeitazama katuni hii mpaka mwisho?"

Mkuu akapanga kalamu zake. "Bado."

"Mimi nimeimaliza jana. Sehemu inayofuata binti anamwambia, 'Nilikuona mtoni.' Na anakimbia kwa ajili ya hilo mpaka mwisho. Ukikata mto, umekata katuni."

"Sheria inasema pombe isitajwe, Mama. Na juisi tumeshaitangaza. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Sitaitaja. Kuanzia sasa tutasema 'chupa' tu. Na ile juisi niachie mimi."

Hakusema kwa kubembeleza. Alisema kama fundi anayemwambia mwenye nyumba ukuta upi hautobolewi. Mkuu akamtazama, akasema, "Nitasikiliza kwanza."

Mama Midomo alikuwa ameshapata mahali. Katika sehemu ya kumi na nne kocha na binti wanapanda kilima, kocha ametugeuzia mgongo kwa sekunde tisa nzima. Mdomo hauonekani. Katika Kijapani hasemi kitu. Ni upepo tu. Humo alipachika mstari wake.

Mwigizaji wa sauti ya kocha, mkongwe wa michezo ya redio, aliusoma mara mbili. "Niseme kwa hasira au kwa aibu?"

"Kwa uchovu, mzee wangu. Kama mtu anayetua mzigo."

Fundi wa sauti akawasha mitambo. Mzee akasogea karibu na kipaza sauti: "Niliwaambia ni juisi. Niliwadanganya. Nawe ulijua."

Mkuu alisikiliza amesimama mlangoni. Akaomba arudishiwe, akasikiliza tena. Uongo wa kituo ulikuwa umegeuka kuwa uongo wa kocha, na mlevi kusema uongo si jambo geni. Kisha wakamwekea ile sehemu ya mtoni. Pale mtoni kocha alisema, "Chupa hii imeniibia miaka. Basi." Mdomo ulifumba penye b ile sawasawa.

"Pombe haijatajwa," mkuu alisema hatimaye, nusu akijiambia mwenyewe. Akatia sahihi.

Sehemu ya kumi na nne ilirushwa saa kumi na moja jioni. Kesho yake mkuu alifika kazini na shati lenye mkunjo. Binti yake wa miaka saba alikuwa ameuliza kwa nini watu wazima hudanganya kuhusu chupa, na yeye na mkewe walikaa naye kitandani mpaka akasinzia, wakimjibu walivyoweza.

"Mlimjibu nini?" Mama Midomo akauliza.

"Tulimwambia kuhusu babu yake."

Mama Midomo alimsogezea kiti, na kwa kuwa wakati ulikuwa mzuri, akamwambia sharti lake: kuanzia katuni ijayo, hakuna neno litakalobadilishwa wala picha itakayokatwa kabla wao wawili hawajaitazama yote mpaka mwisho. Mkuu akauliza ijayo ina sehemu ngapi.

"Hamsini na mbili."

Mkuu akashusha pumzi, akakivuta kile kiti, akakaa.