Siku Nilipopika Tambi za Aoki

Jamani, jambo hili nimelificha miaka mingi, na hata leo nikilikumbuka uso unaniwaka, lakini kwa kuwa tuko wenyewe acheni niseme: nilimwonea wivu mtu ambaye sijawahi kumtia machoni, wivu wa kukosa usingizi, mpaka nikawalisha wakwe zangu kitu kama sabuni.

Mume wangu Elinami alirudi kutoka vita ya Bama, huko Waingereza walikompeleka kupigana na Wajapani, amekonda na amekuwa mkimya. Nikamshukuru Mungu. Lakini kila nikimwekea makande, anakula vijiko viwili, anatazama ukutani, anaanza: "Vita ilipokwisha, Aoki alikuwa anatupikia tambi za kwao. Tambi mbali, zimepoa, mchuzi mbali, mzito, wa moto. Unachovya, unavuta. Aoki ana mkono, wewe!" Aoki leo, Aoki kesho, Aoki alimfundisha kuhesabu mpaka kumi (na mimi niliyelima peke yangu miaka mitatu kwenye miteremko hii, mkono wangu hakuna aliyeusifu).

Ningeuliza swali moja tu, huyo Aoki ni nani, yangeishia hapo. Sikuuliza, niliogopa jibu. Nikaamua nitazipika mwenyewe, mbele ya wazazi wake, ili jina hilo life.

Nikamchimba kidogo kidogo, akaniambia unga wa ngano unakandwa kwa maji ya majivu ndipo tambi ziwe za njano na zivutike. Nikateremka mjini Same kwa miguu, nikanunua unga, samaki wakavu wa Ziwa Jipe wa kutengenezea mchuzi, na magadi badala ya majivu (nikaona Aoki kama alitia kidogo, mimi nitatia mengi, zangu ziwe za njano zaidi). Jumapili nikadamka, nikakanda, nikakata kwa kisu, nikachemsha, nikafunika chungu kwa jani la mgomba, nikaenda kanisani naimba kuliko kwaya nzima.

Mchana wakaja baba mkwe, mama mkwe na Koplo Sefania, aliyekuwa Bama pamoja na mume wangu. Nikafunua chungu. Tambi zilikuwa zimeshikana zote, donge moja la njano linaloteleza! Nirudi nyuma vipi, watu wameshanawa? Nikatenga hivyo hivyo, nikawaambia ndivyo zinavyoliwa, mnachovya. Baba mkwe akavuta kidogo, likanyanyuka donge zima, likamponyoka, likatua puu ndani ya bakuli la mchuzi, na mchuzi wote ukahamia kwenye koti lake la kanisani. Mama mkwe akaonja kipande, akakitema kiganjani.

"Mwanangu," akaniuliza kwa upole, "hii ni ya kula au ya kufulia?"

Elinami akacheka. Tangu arudi sikuwa nimemsikia akicheka, na alicheka mpaka machozi, akasema, "Aoki angeziona hizi!"

Hapo nikapasuka. "Basi rudi kwa huyo mwanamke wako akupikie! Kama alikutosha huko, ulirudi kwangu kufanya nini?"

Baba mkwe na mchuzi wake kifuani akamgeukia mwanawe. "Mwanamke gani?"

Koplo Sefania ndiye aliyejibu, sauti inamtetemeka kwa kicheko alichokibana: "Shemeji, Aoki alikuwa mateka wetu, Mjapani. Mwanamume. Ana ndevu mpaka hapa, na mguu mmoja mbovu."

Mama mkwe akajifunika khanga usoni, mabega yanaruka. Mimi nikakimbilia migombani, nikachuchumaa huko natamani ardhi inimeze.

Baada ya muda Elinami akaja, akakaa chini kando yangu. Hakucheka tena. "Nakijwa," akasema, "kule niliona mambo ambayo siwezi kuyasema mbele ya chakula, wala mbele yako. Hilo la tambi ndilo pekee linalosemeka."

Sikujua nilie au nicheke. Miezi yote ile mtu alikuwa ananisimulia vita yake kwa njia aliyoiweza, na mimi nasikia mwanamke. Tangu siku hiyo, jina geni likitajwa nyumbani mwangu nauliza papo hapo, silisubiri lifike jikoni.