Msichana Aliyekokota Baiskeli

"Mwizi yule," Bi Trientje aliniambia, ameegemea ufagio wake pale mlangoni. "Yule binti wa juu kwenu. Mama Fenna, nakuonya, baiskeli yako usiiache nje na kufuli moja."

"Jeltje?"

"Huyo huyo, mwenye uso wa maziwa. Wiki iliyopita alikuja na nyeusi. Juzi ya kijani. Jana tena nyingine, ina kikapu mbele. Na zote anazikokota! Mwenye mali hupanda, mwanangu. Anayekokota baiskeli jioni jioni hivi anatafuta mnunuzi."

Bi Trientje ana kijioo amekifunga nje ya dirisha lake, akiwa ameketi kwenye kiti anaona mtaa mzima mpaka kona ya mfereji. Kwa hiyo uvumi wake haukosi mguu mmoja wa kweli. Tatizo ni ule mguu wa pili.

Mimi Jeltje nilikuwa nikimjua kidogo. Alikuja hapa mjini Groningen mwezi wa tisa, kutoka shamba la ng'ombe upande wa Dokkum, kusomea hisabati. Msichana mrefu, mpole, anayebisha hodi hata mlango ukiwa wazi. Akitoka kwao huniletea kipande cha jibini, na Fenna wangu humpa farasi wa kuchora kwenye karatasi. Kitu kimoja tu kiliwashangaza watu: hakuwa na baiskeli. Mwanafunzi asiye na baiskeli hapa huulizwa hali kama mgonjwa. Kila aliyekutana naye ngazini alimuuliza, "Unaleta ya nyumbani au unanunua?" Naye alijibu, "Bado naamua."

Ushauri haukumpungua. Geert, mume wangu, alimwambia anunue mkweche wenye kutu, wezi hawauangalii. Wenzake wa chuoni walisema vivyo hivyo. Lakini kwao kulikuwa na baiskeli nzuri, aliyonunuliwa na baba yake siku alipofaulu shule na mkoba wake wa shule ukatundikwa juu ya mlingoti pamoja na bendera, kama ilivyo desturi ya huku kwa aliyefaulu, kijiji kizima kione. Kila Jumapili baba yake alipiga simu, nami nikishuka na takataka nilisikia upande wa binti pale ngazini: "Subiri kidogo, baba. Labda nitanunua huku."

Nilipopeleka gurudumu langu kuzibwa pancha, nilimdokeza fundi Harm yale maneno ya mwizi. Alicheka mpaka akaweka nyundo chini.

"Mwizi? Yule ni mteja, tena mteja msumbufu! Mimi humwachia mtu baiskeli aijaribu kabla hajanunua. Huyu kila nikimpa anarudisha. Ukimuuliza, taa dhaifu. Ya mwisho, shemeji, nimeifunga taa ya kummulika sungura ng'ambo ya mfereji. Kairudisha. Taa dhaifu!"

Nilimpelekea Bi Trientje habari hiyo ili atulie. Akaniangalia kwa huruma. "Kumbe Harm naye yumo," alisema.

Lakini neno la taa halikunitoka. Mimi kupanda baiskeli nilijifunza nikiwa mtu mzima, kwenye ukumbi wa mtaa pamoja na akina mama wengine, na aliyejifunza ukubwani huwaangalia wenzake macho. Waliozaliwa juu ya tandiko hutupa macho kila upande hawajijui. Jeltje hata akitembea alitazama mbele tu. Taa ya ngazini ikizimika, mkono wake ulitangulia ukutani. Ukimwekea kikombe ubavuni mwake, anakigonga. Nilikuwa nikidhani ni haya ya ugeni.

Ikaja ile wiki ambayo nchi nzima hurudisha saa nyuma kuingia majira ya baridi, jua likawa linazama watoto wangali njiani. Siku moja nimemshika Fenna mkono tunatoka kwa mlezi wake, tumefika mahali pa kuvukia. Halikuwa giza. Ilikuwa ule ubluu wa jioni ambao bado unamtambua mtu kwa mwendo wake. Nikamwona Jeltje anakuja amepanda, mara ya kwanza kumwona amepanda, shingo imekakamaa kama anatunga uzi kwenye sindano. Taa yake inawaka vizuri kabisa. Nikampungia. Nikaita jina lake. Hakupunguza mwendo. Nilimvuta Fenna kifuani, mpini wa usukani ukampitia kichwani, nikasikia upepo wake.

Jeltje akaenda zake. Hakugeuka.

"Mama," Fenna alisema, "kofia yangu imeondoka na Jeltje."

Kweli, kofia ya sufu ilikuwa imenasa kwenye breki, inaning'inia, inakwenda. Nilisimama pale mpaka mtu akanigongea kengele nipishe.

Tulikuwa tumekwisha kula aliposimama mlangoni kwangu. Safari hii hakubisha. Kofia ilikuwa mkononi mwake.

"Dada, hii imefikaje kwenye usukani wangu?"

Nilitaka kumpigia kelele, na mdomo ulikuwa tayari. Lakini macho yake yalikuwa yameshampata Fenna pale sakafuni na farasi wake, akapiga magoti, akamshika kichwa, sikio moja, na la pili, kama anayehesabu.

"Nilikuita," nikamwambia. "Tulikuwa pembeni yako."

"Ni taa, dada. Hizi taa za Harm…"

"Jeltje. Taa yako niliiona tangu ukiwa darajani."

Akaketi palepale chini. Akaivuta ile sufu kwa vidole, kisha akasema bila kunitazama, "Babu yangu naye alianza na taa. Alisema taa za trekta zimechoka. Halafu akalaumu miwani. Halafu akaingia mferejini na trekta lenyewe." Baba yake, alinieleza, alifunga kamba toka mlango wa nyumba hadi zizini, mzee huishika kwenda kukamua na kurudi. Mpaka leo. "Baba anampenda, usidhani. Lakini alishasema mezani, akitokea mwingine kwetu mwenye macho ya babu, hatoki nje ya uzio. Akijua, dada, mimi chuo basi."

"Daktari amesemaje?"

"Sijaenda. Nikienda itakuwa kweli."

"Mimi nina mtoto, Jeltje."

"Najua."

Ndipo akaniambia kwamba Jumamosi baba yake anakuja. Amechoka kusubiri, ameamua mwenyewe: baiskeli ya nyumbani inaletwa, mjadala umefungwa. Atafika asubuhi, wapande wote wawili waende mpaka chuoni, aone binti yake anavyopita mjini. "Mchana naona vizuri," alisema. "Barabara nimeikariri. Tutakwenda, tutarudi, ataondoka na amani yake. Baadaye naiweka ghalani, sipandi tena jioni. Nakuapia."

Sikumwambia ndiyo, sikumwambia hapana. Kumsema kwa baba yake ilikuwa kumkatia njia. Kunyamaza ilikuwa kungoja kofia ya mtoto mwingine. Nililala na jambo hilo, nikaamka nalo. Geert aliniuliza mbona siku hizi namwinua Fenna kwapani hata pasipo na gari.

Jumamosi kulikucha kweupe, baridi kavu, siku nzuri kwa mpango wake. Jeltje alikaa dirishani tangu kahawa ya asubuhi. Saa zikapita. Akashuka kwangu na simu mkononi, rangi imemtoka.

"Ng'ombe anazaa. Ndama kakaa vibaya. Anasema atachelewa, lakini atakuja tu."

"Mwambie aahirishe."

"Nimemwambia. Anasema ng'ombe hawezi kumzuia kumwona binti yake."

Tulikaa jikoni kwangu tukiutazama mwanga ukipanda ukuta wa nyumba ya ng'ambo, ghorofa kwa ghorofa. Ulipofika kwenye bomba la moshi, gari lilisimama nje na tela nyuma yake. Akashuka Hedzer, baba yake, mtu mnene mwenye mikono miekundu na harufu ya zizi, anacheka peke yake kwa furaha.

"Ndama jike!" alipaza sauti. "Na mzima! Njoo hapa, mama, unisalimie kabla sijaganda."

Alishusha baiskeli mbili, yake na ya binti. Ya binti aliipiga dasta mpaka inang'aa. Hata kengele alikuwa ameisugua. Jeltje alimkumbatia, akaishika baiskeli, akasema asante, na sauti yake haikutetemeka. Nilitoka na Fenna mkononi kwa sababu sikuweza kukaa ndani.

Bi Trientje naye alitoka na ufagio. Hakukuwa na cha kufagia.

"Wewe ndiye baba yake? Basi muulize zile nyingine anazitoa wapi. Kila siku anakokota mpya."

Hedzer aliacha kucheka. "Unamwita mwanangu mwizi, bibi?"

"Sijamwita. Nimeuliza."

"Ni za fundi Harm, nilikuwa nazijaribu," Jeltje alisema. "Kamuulizeni."

"Haya, ulizijaribu," Bi Trientje alisema. "Baiskeli hujaribiwa kwa kupandwa. Mbona wewe hukupanda?"

Juu ya bomba la moshi mwanga ulikuwa umebaki ukucha. Hedzer alimgeukia binti yake, na nikaona anatabasamu tena, masikini, kwa kudhani amepata dawa ya aibu hii.

"Swali zuri. Mbona hukupanda? Panda sasa, mama, tumwonyeshe bibi huyu watu wa kwetu wanavyopanda. Mpaka chuoni na kurudi!" Akarusha mguu, akatangulia, kwenye kona akasimama na kupiga kengele. "Twende!"

Jeltje alikaa kwenye tandiko. Akaweka mguu mmoja kwenye pedali. Mimi nilifungua mdomo, sijui ningesema nini, maana yote mawili, kumsema na kumfichia, yalikuwa ulimini. Fenna akanibana vidole.

"Dada," Jeltje akaita, uso wake umeelekea kule kona. "Mko wapi? Mmeingia ndani?"

Tulikuwa kando yake. Ningenyoosha mkono ningeshika koti lake.

"Tuko hapa, Jeltje. Kushoto kwako. Mimi na Fenna."

Akageuza kichwa kizima kama bundi, akatupata, akatutazama mmoja mmoja. Bi Trientje aliushusha ufagio polepole, nadhani hapo naye aliona. Kengele ililia tena kule kona. Jeltje akaondoa mguu kwenye pedali, akashuka, akaishika baiskeli kwa mikono yote miwili.

"Kuna nini?" Hedzer alipaza sauti. "Mnyororo?"

Alikuwa anarudi, mwepesi, taa yake inacheza barabarani. Jeltje aliutafuta mkono wangu, akakosa, akaupata. Wake ulikuwa wa baridi kama chuma.

"Namwambia sasa hivi, kabla sijaogopa," alininong'oneza. "Usiondoke, dada. Akisema nifungashe nirudi nyumbani, wewe mwambie. Mwambie unaniona kila asubuhi natoka kwa miguu, na chuoni nafika."