Saa Mbili za Kwenda Brussels

Iko siku moja sijaisahau, mwanangu. Baba yangu alitembea siku mbili kwenda kumwona shangazi aliyejifungua, nami nikafuatana naye. Viatu alivibeba mkononi njia nzima, mimi nikabeba kuku, na kuku huyo alininyea mpaka begani, lakini hilo tuliache. Tulipofika kwa shangazi, baba akajifuta vumbi miguuni, akavaa viatu, ndipo akapiga hodi. Nikamuuliza kwa nini hakutuma salamu tu. Akasema, "Salamu haiwezi kumpakata mtoto."

Shule niliishia darasa la tatu, ila neno hilo nililielewa. Kulifuata ndiko kulikonishinda.

Mateso umeshanisikia nikimtaja mara nyingi. Ni yule Mkongo wa Uvira niliyelala naye chumba kimoja Rissne, pembeni ya Stockholm, tulipokuwa wageni, tukisafisha ofisi pamoja. Yeye alinifundisha kupanda treni za huku, mimi nikamfundisha kupika chapati, na zake zikawa nzuri kuliko zangu. Baadaye akaoa, akahamia Brussels. Alipopata mtoto wa kiume akampa jina langu, akanipigia simu: "Kaka, wewe ndiye baba yake wa ubatizo. Njoo."

Nikasema nakuja. Kutoka Stockholm hadi Brussels ni kama kilomita elfu moja na mia tatu. Ndege huruka saa mbili na dakika chache. Chai ya kwenye chupa haijapoa, umeshafika. Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu. Kwa kuwa ni saa mbili, sikuiona kuwa safari. Safari kwangu ilikuwa kwenda kwetu Kigoma: kuomba likizo mapema, kununua masanduku, kupima kilo kwa mizani ya bafuni. Brussels nitaenda tu, wikendi yoyote. Mateso alisogeza ubatizo mara tatu akinisubiri, hata padre wao akachoka.

Ngoja niseme nasaha yangu sasa hivi, maana nikifika mwisho wa kisa hiki kalamu hunigomea. Dada yako yuko Berlin, nawe kila siku unasema ni karibu, utaenda. Usimwambie utaenda. Mwambie tarehe, kata tiketi, omba ruhusa kazini kama vile unakwenda Afrika. Na ukiona umeshachelewa, usione haya, nenda hivyo hivyo. Mimi niliona haya, sikwenda. Mungu akupe miguu myepesi, mwanangu, na kila mlango utakaoubisha akufungulie mtu anayekungoja.

Basi, Mateso alikuja mwenyewe, Jumamosi moja, hapa hapa kwangu Alby, kamshika mtoto mkono. Hata hajaketi, akayaona masanduku mawili ukutani.

"Unahama?"

"Naenda nyumbani, wiki sita."

"Tena? Si ulikwenda mwaka juzi?"

"Ah, ndugu yangu, kule ni mbali. Kwako ni saa mbili tu, naja wakati wowote."

Akacheka kidogo. "Wajina wako ana miaka minne, kaka."

Akainama mlangoni, akamvalisha mtoto viatu, kisha akavaa vyake, polepole, kama baba siku ile. Nikachukua koti, maana kwetu mgeni husindikizwa.

"Usinisindikize," akasema. "Ni karibu."

Wakateremka kwenda tunnelbana, treni ya chini ya ardhi, mtoto akigeukageuka kunitazama. Mateso hakugeuka, wala hakurudi tena.