Ukurasa Uliomjua Mtoto Mmoja

Saa tatu asubuhi, fundi wa mifumo ya kompyuta amekaa chumbani kwake juu ya duka la mshonaji, macho mekundu, chai imepoa mezani. Anaandika mstari, anaufuta, anauandika tena.

"Nimechoka hoi," anasema bila kugeuka.

Kinachomtoa jasho ni tovuti ya zahanati moja, ambayo wazazi huifungua kwenye simu kuona tarehe za chanjo. Fundi huyu, ambaye wateja humwita Mama Mtandao, aliwatengenezea ukurasa mwepesi: "Mtoto wangu". Mzazi akiingia, mfumo hauulizi mtoto yupi. Unamleta moja kwa moja.

Watu waliupenda, mpaka muuza mboga mmoja alipomwandikisha mtoto wa pili. Mdogo akaonekana, mkubwa akafichika, na chanjo yake ikapita kimya kimya.

"Nilijua amemaliza," anasema mama huyo. "Simu haikuniambia kitu."

Mtoto alichanjwa baadaye, hakudhurika. Ila muuguzi mkuu hataki utani: leo isiporekebishwa, zahanati inarudi kwenye kadi za karatasi.

Mama Mtandao hajitetei. "Niliujaribu kwa binti yangu. Nyumbani tupo wawili tu, yeye na mimi. Nikaona mambo safi, nikajipa hongera." Anasonya.

Kiraka hakitoshi hapa. Kila mtoto anatakiwa awe na namba yake na ukurasa wenye anwani yake, mzazi akiingia aone watoto wake wote kwanza, na zile anwani za zamani walizotumiwa wazazi kwa ujumbe ziendelee kufunguka. Akigusa hapa, kule panagoma. Inachosha, na inatia uchungu kubomoa ulichojivunia.

Mchana muuza mboga anapanda ngazi, simu mkononi. Anafungua. Majina mawili yanatokea.

"Wote wapo, dada yangu," anasema akitabasamu. "Sasa na baba yao aingie kwa simu yake. Mimi nikiwa sokoni, yeye ndiye huwapeleka."

Fundi anafumba macho. Hata kwa wazazi, kila mtoto alimwekea mmoja tu.

"Mwambie anisamehe," anasema taratibu. "Sikumfikiria. Nyumbani kwangu baba hayupo."

Kazi ya leo ataipeleka kwa muuguzi mkuu, kisha aanze kumfungulia baba huyo mlango. Anavuta kibodi karibu.

"Nikimaliza," anasema, "nitalala mpaka binti yangu aniamshe."