Ng'ombe wa Kijivu kwenye Kioo Kibovu

Muuzaji alizima taa ya duka, akashusha pazia la mlangoni, kisha akafungua picha nyeusi tupu ikajaa kioo kizima cha laptop.

"Angalieni wenyewe," alisema. "Mimi sifichi kitu, kaka. Hiki ni chuma."

Ni mimi niliyemwomba. Nilikuwa nimesoma kwenye simu, wakati wa kupumzika hapahapa Karatu ninapoosha magari ya watalii, kwamba laptop ya gemu iliyotumika haipimwi mchana kweupe. Ipime gizani, kioo kikiwa cheusi. Na kweli nikaona. Kona ya chini mwanga ulikuwa unavuja, kama taa iliyosahauliwa nyuma ya mlango. Katikati kulikuwa na kitone chekundu kisichozimika.

Mama alikuwa amekaa kwenye stuli ya wateja, fimbo yake mapajani. Akanyoosha kidole.

"Mwezi unachomoza pale," aliniambia kwa Kimaasai.

Nilicheka. Halafu kicheko kikaniishia, maana asubuhi hiyohiyo tulikuwa tumemuuza mtamba wake mnadani ili mimi ninunue mashine hii. Alikuwa amesafiri naye kutoka kijijini kwetu Olbalbal, na hakuniruhusu nimshike kamba hadi mnunuzi alipomchukua.

Niseme kwanza kwa nini mtu wa kuosha magari anataka laptop ya gemu. Ukame ulipotupiga, ng'ombe wa mama walikufa mmoja mmoja, wakabaki wa kuhesabu kwa vidole. Mimi nikaanza kuwachora. Niliwachora kwenye kompyuta ya jamaa mwenye steshenari, baadaye nikajifunza kuwafanya watembee. Nikaota gemu: mchezaji anawatoa ng'ombe wa mama yangu uwandani, anawapeleka kwenye maji, na mchezaji akiwa makini hakuna anayekufa njiani. Kompyuta ya steshenari ilikuwa inaganda kila ng'ombe walipoongezeka. Gemu inataka mashine yenye nguvu.

Na mama macho yake yanafifia. Ni ugonjwa wa vikope wa miaka mingi, kope zimegeuka ndani zikamkwaruza. Anaona, lakini anasema dunia imewekwa nyuma ya moshi. Nilitaka awaone ng'ombe wake wakitembea kabla moshi haujawa mzito. Hilo tu. Sikuwa na haraka ya kitu kingine.

"Hayo ni mambo ya kawaida kwa mashine za hivi," muuzaji alisema akiwasha taa. "Ukishaingia kwenye gemu hukumbuki kona wala kitone."

Nilikuwa tayari kumwamini. Nikachomeka flashi yangu, nikamfungua ng'ombe wa kwanza, yule mama aliyempenda kuliko wote. Sisi rangi yake tunaiita pus, kijivu kinachoelekea bluu, kama majivu ya moto uliolala. Kwetu ng'ombe unamjua kwa rangi kabla ya kitu kingine chochote.

"Yeyo," nilimwita mama, "huyu nani?"

Mama alisogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Alimwangalia sana.

"Mweupe huyu ni wa nani?" aliuliza. "Mimi sijawahi kuwa na mweupe."

Mimi nilimwona kijivu, lakini mimi nilijua ni kijivu kabla sijaangalia. Sikujua ubovu uko kwenye kioo au umefika kwenye macho ya mama. Nikaitafuta picha ileile kwenye simu. Nikamsogezea karibu na jicho.

Uso wake wote ulifunguka. "Ah! Ndiye huyu! Pus wangu! Sasa yule mweupe umemwokota wapi?"

Nilifurahi na kuumia kwa wakati mmoja. Macho bado yapo. Kioo ndicho kinachofubaza rangi.

"Kuna nyingine inakuja yenye kioo safi?" nilimuuliza muuzaji.

"Mzigo unaweza kuja mwezi ujao. Unaweza usije. Na hii siwezi kukushikia, kaka, nisikudanganye."

Nikamtoa mama nje, tukakaa kwenye ngazi ya duka. Magari ya watalii yalikuwa yanapita kuelekea geti la Ngorongoro, yametapakaa vumbi jekundu. Kesho ningeyaosha. Mwezi ujao haukuwa mbali, lakini pesa ya ng'ombe kwetu haikai. Ukirudi nayo, ukoo mzima unajua umetoka mnadani, na ndama wa ndugu akiugua huwezi kusema huna. Wala si vibaya. Mimi mwenyewe ningeitoa. Lakini mtamba angekuwa ameenda bure. Na kama ningenunua leo, mama angewaona ng'ombe wa watu.

"Tusubiri kioo kizuri," nilimwambia mwishowe.

"Hadi lini?"

"Mwezi ujao. Labda unaofuata."

Alipangusa machozi kwa pembe ya shuka. Hakuwa analia, macho yake hutoa maji yenyewe.

"Wewe kwenye ng'ombe ungekufa masikini," alisema. "Unataka asiye na kovu! Yule pus sikio lake lilikuwa limepasuka, umesahau? Ulimchora na sikio zima, nimeona. Nikanyamaza."

"Yeyo, nitalirekebisha sikio. Rangi je?"

Alisimama, akaingia dukani akipapasa ukuta, mimi nyuma yake. Nilidhani anaifuata fimbo yake. Badala yake aliinamia laptop na kuitemea mate, kidogo kidogo, kulia na kushoto, jinsi anavyombariki mtoto mchanga au ndama aliyeingia zizini kwa mara ya kwanza.

"Mama! Mama jamani, kioo hicho!" Muuzaji alirukia kitambaa.

"Mwambie ng'ombe huyu ameshabarikiwa," mama alisema. "Sasa ni wetu."

Nikatafsiri. Nilikuwa nacheka. Kitu alichokibariki mama yangu siwezi kukiacha juu ya meza ya mtu mwingine. Nikalipa.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kwenda kuosha magari, niliziba dirisha la chumba changu kwa blanketi. Nilipasua sikio la pus kwanza. Kisha nikaanza kumtia giza.

"Bado," mama alisema. "Bado mweupe. Ongeza. Ongeza tena. Ee, umezidisha, rudi."

Nikarudi kidogo.

"Hapo. Ndiye."

Nilimhamishia yuleyule kwenye simu, nikamtazama. Amekuwa mweusi kama wingu la mvua. Atakayecheza gemu hii kwenye mashine nzima atachunga ng'ombe ambaye hatukuwahi kuwa naye. Niliona uchungu, maana niliota watu wengi wawaone. Lakini mama alikuwa anamwita kwa mluzi, mdomo kwenye kioo, na mimi nikaendelea. Mabaka ya wa pili tuliyapata. Wa tatu tukampata kwa ubishi.

Tulipofika kwa ng'ombe mwekundu, mama alisogeza uso karibu zaidi. Nikaongeza, nikapunguza. Hakusema bado wala hapo. Nikamsogezea simu, kama dukani. Aliangalia simu, akaangalia laptop, akarudi kwenye simu.

"Wote wawili," alisema taratibu, "sina hakika."

"Umechoka, Yeyo. Tupumzike."

"Sijachoka. Wewe unamkumbuka?"

"Namkumbuka."

"Basi mweke wewe."

Nikamweka mwekundu jinsi ninavyomkumbuka mimi, nikambonyeza, akaanza kutembea. Mama aligeuza uso upande wa spika, ilikotoka sauti ya kwato.